Mtaje Ngige

Tangu Kitale, Peris alikuwa ameketi kwenye Probox ya abiria kati ya Waprotestanti wawili wasioelewana. Mchungaji Gathii alikuwa anaenda Bungoma kuwaombea watoto wanaouawa tumboni.

“Na wale wa wakati wa Emajensi?” akauliza Nyaruai, mama mzee wa upande wa pili.

“Hiyo si ni siasa ya kitambo, shosho.”

“Askari wa mkoloni walimpiga mamangu mpaka mimba ikatoka. Kanisa letu likamwambia atubu kiapo cha Mau Mau. Juu ya mtoto, hakuna aliyeuliza. Alikuwa mvulana. Angeitwa Ngige, jina la babu.”

Gathii akageukia mahindi ya nje. Walipoingia Bungoma akasema, “Tumalize safari kwa maombi.”

“Omba. Lakini mtaje.”

Mchungaji akamwombea dereva, akaombea serikali, akaombea hata matairi. Peris alifumba macho akisubiri jina moja tu. Dereva akazima injini, Peris bado anasubiri.