Bi Cadija Arudishiwa Chetezo

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Cadija Momade anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Karakana yetu ya mafuta ya msonobari hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, inabaki bila msimamizi, na sisi tunabaki bila mtu wa kutugombeza kabla ya chai.

Alianza kwa kukata majani. Majani ya msonobari, membamba kama sindano, hutujia kwa lori kutoka milima ya Niassa, na lori likichelewa dereva huwa na kisa kipya, naye Bi Cadija huwa na jibu lake. Baadaye alikabidhiwa mtambo wenyewe. Humo mvuke hupita katikati ya majani ukabeba mafuta, ukapoa ndani ya bomba la shaba, kisha mafuta yakaelea juu ya maji yakingoja kuenguliwa. Gunia zima hutoa kichupa tu. Watalii wanaokandwa kwa mafuta hayo kule kisiwani Vamizi hudhani yanatoka kwenye mivinje ya ufukweni. Bi Cadija hakuwahi kuwasahihisha, maana mgeni aliyefurahi hununua vichupa viwili.

Alituomba tusiitaje harusi ya mdogo wake, Chamima. Tunaitaja.

Kwa desturi, dada mkubwa ndiye anayefukiza nguo za bi harusi kwa udi. Nguo zilitandazwa juu ya tenga, chetezo kikawekwa chini, makaa yakakolea. Bi Cadija, akitaka wakwe wajue anafanya kazi wapi, aliuacha udi akamimina mafuta ya msonobari. Mafuta haya hushika moto upesi. Moto uliruka ukala kapulana, kile kitenge cha kujifunga cha bi harusi, pamoja na nyusi za dada mtu. Chamima aliolewa na kapulana ya kuazima, na tangu siku hiyo, kila harusi ya ukoo, Bi Cadija hupangiwa kumenya vitunguu saumu uani, mbali na jiko. Hulicheka jambo hilo pamoja nasi, lakini tunajua linamuuma sana.

Karakana ndiyo iliyofaidika. Alirudi kazini bila nyusi na akawa mkali wa usalama kupita kiasi. Moto haukaribii ghala. Mafuta hayapakwi mwilini mpaka matone machache yachanganywe na mafuta ya nazi. Hayanywewi, hata kwa kikohozi. Chupa iwe ya rangi nyeusi na ifungwe barabara, kwa kuwa mafuta yakichakaa huwasha ngozi. Mtu akibisha, humwambia, "Colega, mwenzangu, nitazame usoni," na zile nyusi zilizoota upande humaliza ubishi.

Mwaka 2021, waasi waliposhambulia tukaukimbia mji, wengine walibeba magodoro. Yeye alibeba bomba la shaba begani mpaka Pemba, akigombana njia nzima na kila aliyeligonga. Tuliporudi, ndilo lililotuwezesha kuanza tena. Kwa hilo tunampenda, na leo tunalisema wazi.

Mwezi ujao Hafsa, binti wa Chamima, anaolewa. Bi Cadija aliomba kitu kimoja tu, ashike chetezo. Alipokuwa akingoja jibu hata kutugombeza alisahau, tukaingiwa na hofu. Juzi Chamima alikuja mwenyewe karakanani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa hukumu mbele yetu sote: "Dada, utafukiza wewe. Ila mlangoni utapekuliwa." Bi Cadija aligeukia mtambo akajifanya anakagua bomba. Mtambo ulikuwa umezimwa tangu asubuhi, na macho alikuwa anayafuta kwa ncha ya mtandio.

Bi Cadija, asante kwa ukali wako, kwa bega lako na kwa pua yako ambayo haikuwahi kupitisha mafuta mabovu. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na harusi nyingi za kufukiza. Zawadi yetu ni udi, pakiti kubwa kabisa. Kile kichupa cha mafuta ya msonobari ulichokuwa umekificha kwenye mkoba wako tumekirudisha ghalani.