Pandu bin Mjaka, Aliyeuliza Nasaba ya Spea

Ndugu, jamaa, majirani na wenzake wa karakana, nimepewa mimi Bakar, mdogo wake wa tumbo moja, kuyasoma maisha yake, kwa kuwa wakubwa zangu wote wamekataa, na nitayasoma kama yalivyo, maana machozi yamenikauka na sijui yamekwenda wapi.

Pandu alizaliwa Fumba tarehe 3 Juni 1929, akasoma chuoni hapo hapo hadi akahitimu msahafu, kisha skuli mjini mpaka darasa la sita, na mwaka 1951 akapanda meli ya mizigo, kazi yake kutia mafuta mashine. Mwaka 1957 aliteremka Uingereza, akaajiriwa katika kiwanda cha meli, na huko ndiko alikofunga mabomba ya nyambizi ya vita inayokwenda kwa moto wa atomiki, inayoweza kukaa chini ya maji miezi bila ya kutaka mafuta. Alitueleza kwamba upande wa mbele ulikuwa wa Muingereza, upande wa nyuma, wenye tanuri na mitambo, ulikuwa wa Mmarekani, ukuta katikati, kama nyumba ya wake wenza, nasi tulicheka tukidhani anatupigia chuku.

Mwenyewe hakucheka alipofika kwenye habari ya Aprili 1963, pale nyambizi ya Kimarekani ya namna hiyo ilipozama na watu mia moja na ishirini na tisa, asirudi hata mmoja, na mafundi wakashuku kiungo cha bomba la maji ya bahari. Tangu hapo, alisema, kila kipande kilitakiwa kijulikane kimetoka kwa nani, kimechomelewa na nani na kimepimwa na nani.

Alirudi Unguja Oktoba 1964, akaingia karakana ya boti, na tabia hiyo akaja nayo. Ukimpa spea ataigeuza, ataiuliza, wewe mtoto wa nani, na isiyojulikana asili yake huitupa, ndipo wenzake wakambandika jina la Mzee Nasaba. Tarehe 20 Agosti 1966 alimuoa Bi Kidawa binti Makame wa Chukwani, na wazee wa kule walipotuchimba nasaba mpaka tukaudhika, yeye alisema watu hawa wangefaa karakana. Mungu aliwajaalia Mwatum, Desemba 1967, na Duni, Julai 1969.

Septemba iliyopita, kiungo cha bomba la maji ya bahari katika boti ya kuchukulia wagonjwa kiliingia ufa, spea ikaagizwa nje, ikachelewa, na mkuu wa karakana, Ndugu Msabah, akaamua kifungwe kiungo kilichotolewa kwenye boti mbovu, ambacho hapana aliyejua kilikotoka. Pandu alikataa, akaulizwa kama watu wa Fumba wafie majumbani kwa sababu ya nasaba ya chuma, na hilo nalo lilikuwa kweli. Basi akasema boti ikienda naye atakwenda, na kila safari alikaa chini kwenye mashine, ubavuni mwa kiungo kile.

Jumanne tarehe 9 Machi 1971, wakitoka Fumba na wagonjwa, mbele ya Chukwani kiungo kilipasuka, akawaamuru wenzake wapande juu, akazama ndani ya maji yaliyojaa humo kuifunga vali ya kuzuia maji, akaifunga, na gurudumu la mashine likampiga kifuani. Abiria wote walifika pwani salama. Jana Ijumaa spea iliteremka melini, na Ndugu Msabah akaipeleka hospitali alikolazwa Pandu, akamwekea mbele ya macho, hatujui kama aliiona. Alifariki leo Jumamosi, tarehe 13 Machi, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari wa Kichina na wauguzi, watu wa Chukwani waliombeba, majirani wa Mpendae waliotupikia, na wenzake wa karakana, pamoja na Ndugu Msabah, aliyekesha naye, ambaye sina hasira naye wala sina lolote.

Bi Kidawa, aliyekwisha kukalishwa eda, ameniagiza niulize mbele ya watu ni nani atakayekifunga kiungo kipya, kwa kuwa boti inatakiwa Fumba kesho, nami nauliza.

Kaka, Mola akulaze kwa utulivu.