Mama Nakala Anatuachia Programu Moja

Baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha kupokea picha za setilaiti, Mama Nakala anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike wasifu wake, na sijui kwa nini nimechaguliwa mimi. Mimi ni fundi wa dishi. Ninachojua ni grisi na boliti. Mambo ya kompyuta yananipiga chenga tangu siku ya kwanza.

Alipoajiriwa tulikuwa tunafuata setilaiti moja tu. Aliiandikia programu ya kuhesabu itapita upande gani wa anga, ili dishi liigeukie kwa wakati. Ilipokuja ya pili, akanakili programu ile ile, akabadilisha jina na tarakimu. Ya tatu, hivyo hivyo. Jina la utani lilitoka hapo, na wa kwanza kulicheka alikuwa yeye mwenyewe.

Tabu ilianza nakala zilipojaa. Kosa likirekebishwa kwenye moja, lilibaki kwenye nyingine, na aliyejua ipi imerekebishwa na ipi bado ni yeye peke yake. Kuna asubuhi dishi lilifuata anga tupu kwa madaha huku setilaiti ikipita nyuma yake. Mtu alikuwa amenakili akasahau kubadilisha tarakimu. Nikalaumiwa mimi, nikalipaka dishi grisi upya.

Kwa hiyo hakupumzika. Tulimpigia simu akiwa likizo, akiwa mgonjwa, hata siku ya harusi ya binti yake. Alitoka ukumbini na nguo zake za sherehe, akasimama kando ya jenereta akitutajia tarakimu, mpaka maharusi wakakata keki bila yeye. Binti alinuna mwezi mzima, na alikuwa na haki.

Mwaka jana akatangaza kwamba atazifuta nakala zote na kuandika programu moja. Bosi akahoji: kitu kinafanya kazi, unakigusa cha nini? Nilikuwa upande wa bosi. Mama akatueleza taratibu kwamba fundi cherehani hajifunzi kushona upya kila mteja anapoingia. Huchukua vipimo tu. Programu hii nayo unaipa njia ya setilaiti, mahali lilipo dishi na saa, basi, inakuambia ugeukie wapi. Niliitikia kwa kichwa. Sikuelewa.

Mwezi uliopita akachukua likizo, akazima simu. Juma hilo hilo tukapewa setilaiti mpya. Msaidizi wake akaingiza vipimo, dishi likageuka. Tulisimama uani tukitazamana, hatujui tushangilie au tukimbie. Tulipoingia ndani, picha ya mawingu ilikuwa kwenye skrini, safi kabisa.

Aliporudi aliuliza nini kimeharibika. Tulipomwambia hakuna, alikaa kitini, akacheka, akafuta macho. Mpaka leo sijui alifurahi au aliumia. Nasi tumechanganyikiwa vivyo hivyo. Ametuondolea haja ya kumsumbua, na kumsumbua ndiko kulikotuwezesha kusikia sauti yake.

Asante kwa yote, Mama. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na nyumba yenye vicheko. Tukikupigia simu, ujue hakuna kilichoharibika. Tafadhali pokea.