Mwisho Niliousoma Haukuwa Kitabuni

Ndugu zangu, mulembe, amani kwenu. Namshukuru mama mwenyekiti kwa nafasi hii ya kutoa ushuhuda, ingawa nimeikwepa mara tatu, na yeye anajua. Mkiniona nimeshika mgongo wa kiti hiki, msidhani ni ugonjwa. Ni woga. Jambo nitakalowaambia nimelisema mbele ya watu mara moja tu, na siku hiyo baadhi ya waliosikia waliinuka wakaenda zao.

Sitataja jina la mtu. Kama kuna atakayemtambua mmoja wao, namwomba anyamaze.

Wengi wenu hapa Kitale mnanijua kama yule mama anayefundisha kusoma kule nyuma ya kanisa. Kabla ya hapo nilikuwa bibi ya mwalimu upande wa Bungoma, na kabla ya hapo tena nilikuwa msichana wa kazi kwenye shamba la mzungu, si mbali na hapa. Nilikuwa nimesoma kidogo misheni, na memsahibu wangu alipenda kunisahihisha Kiingereza huku nikikunja nguo. Alipoondoka kurudi kwao, baada ya vita vikubwa, aliniachia vitu ambavyo hakuona haja ya kuvisafirisha: mapazia mawili, birika lenye ufa, na kitabu kilichotoka jalada.

Kitabu hicho kilikuwa riwaya. Hadithi ya mwanamke wa kwao, mke wa mtu mwenye kinu cha kusaga ngano. Ana nyumba nzuri, anaheshimiwa, hapigwi. Siku moja mgeni anamuuliza mezani, na wewe mama, wewe mwenyewe unapenda nini? Anafungua mdomo, jibu hana. Basi kitabu kizima ni huyo mama akilitafuta jibu.

Nilipoolewa nilikwenda nacho kwa mume wangu. Kila Alhamisi akina mama wa pale walikuja kwangu kushona, na siku moja, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na masikio hayakuwa na kazi, nikawasomea sura ya kwanza. Nilikuwa nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na pale Kiswahili kiliponishinda nilichomeka Kibukusu. Alhamisi iliyofuata nyumba ilijaa. Wengine hawakuja hata na sindano.

Walimzungumzia yule mama wa kinu kama jirani. Mmoja alisema, "Shida yake ni hana shamba. Mpeni jembe, atapona." Tulicheka sana. Halafu mama mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, akasema bila kuinua macho, "Mimi tangu nizaliwe hakuna mtu ameniuliza napenda nini." Nawaambia, hakuna aliyecheka tena siku hiyo.

Sasa, kulikuwa na dada mmoja kutoka Chwele. Alikuwa kijana kuliko sisi wote. Alikuwa amemkimbia mume wake, mtu aliyekuwa akiendesha ng'ombe wa kulima kwenye shamba la mzungu huko Tongaren, akarudi kwa mama yake. Mkono wake mmoja haukunyooka vizuri. Hakutuambia kwa nini, nasi hatukuuliza, kwa sababu tulijua. Alitembea kutoka Chwele kila Alhamisi, akaketi karibu nami, upande wa kushoto, na kila niliponyamaza kutafuta neno, alisema kwa sauti ndogo, "Halafu?"

Wazee wa pande zote mbili walikuwa wanamsukuma arudi kwa mume. Mama yake peke yake ndiye aliyesema, kaa. Siku moja alinishika mkono pale mlangoni, akaniambia, "Bibi ya mwalimu, mimi nangoja kwanza nione yule mama atafanya nini."

Nilipaswa kumwambia, dada, hiki ni kitabu tu, usiweke maisha yako hapa. Sikumwambia. Nilifurahi. Kuna utamu, ndugu zangu, katika kuwa wewe peke yako mwenye ufunguo wa kitu ambacho watu wote wanakitaka.

Tulipobakiza sura mbili, mume wangu aliweka kijiko chini wakati wa chakula cha mchana akaniuliza, "Ati mnasoma nini na wale akina mama?"

"Hadithi ya wazungu tu."

"Wazee wa kanisa wameniuliza. Wanasema kuna mabibi wanajibu mabwana zao maneno ambayo hawakuwa wanajibu. Mama mmoja akiacha nyumba yake kwa sababu ya hiyo kitabu, mimi sitafundisha tena hapa."

Hakunikataza. Hakuniambia nidanganye. Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka nilimtupia yeye mzigo huo moyoni mwangu, na haukuwa wake.

Siku hiyo nikajisomea sura zilizobaki. Yule mama wa kinu harudi. Anapanga chumba kimoja juu ya duka la mikate, anashona nguo za watu, na siku mume anapokuja kubisha, anamsalimia vizuri kupitia mlango, hafungui. Halafu anaketi kula mkate wake. Basi. Hajutii, wala hawi tajiri. Anakula tu, peke yake, na mwandishi anasema ulikuwa mkate mzuri.

Niliogopa. Niliogopea kazi ya mume wangu, ndiyo. Lakini acheni niseme ukweli leo: niliogopa zaidi kwa sababu nilipomaliza kusoma nilitazama nyumba yangu, mapazia ya memsahibu, viti vyangu vinne, nikajiuliza, na mimi napenda nini? Sikutaka swali hilo likae ndani ya nyumba yangu.

Basi Alhamisi nikaketi, nikafungua kitabu, nikatazama maneno yaliyoandikwa pale, na nikasema maneno mengine. Nilisema yule mama alirudi. Nilisema mume alikuwa amebadilika, amelia, akampokea mlangoni kwa mikono miwili. Nilitunga mpaka chakula walichokula jioni ile. Sauti yangu haikutetemeka. Akina mama wengine walipiga makofi, wengine walivunjika moyo kidogo lakini wakasema, afadhali.

Yule dada wa Chwele aliinama kutazama kitabu. Kisha akauliza, "Mume alibadilika kweli? Imeandikwa?"

Nikaweka kidole changu kwenye ukurasa. Nikasema, "Imeandikwa hapa."

Hakujua kusoma. Alitazama pale nilipoweka kidole, akatazama muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali.

Jumamosi alirudi Tongaren.

Mahindi yalikuwa yanapaliliwa alipokwenda. Hayakuwa yameiva waliporudisha mwili wake kwa mkokoteni wa ng'ombe, umefungwa blanketi. Mume alisema alianguka kutoka kwenye ghala. Wazee waliuliza maswali machache, wakaridhika. Mama yake alifunua blanketi, akatazama, akafunika. Nilikuwepo. Nililia pamoja na wengine, nikapika pamoja na wengine, na watu waliniambia pole kwa sababu nilikuwa rafiki yake.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na zamu ya kusoma somo kanisani. Nilisoma mistari mitatu, nikavuta pumzi. Nikasikia upande wangu wa kushoto, kwa sauti ndogo, "Halafu?"

Niligeuka. Hakukuwa na mtu karibu.

Ndugu zangu, siwaambii haya ili muogope. Nawaambia kwa sababu yalinipata. Nilimsikia nikipuliza moto. Nilimsikia nikihesabu mishono. Nilifungua barua ya dada yangu mwenyewe, na baada ya mstari wa kwanza nikamsikia. Niliacha kusoma. Nikasema macho yamekuwa mabaya, mume wangu akanipeleka kwa daktari, daktari akasema macho ni mazima. Niliacha darasa la kushona. Nilikonda mpaka sketi zikafungwa kwa kamba. Wakwe zangu wakaanza kunong'ona kwamba nimerogwa, wakaleta mganga wa kuniangalia, nikakubali aniangalie, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema.

Msimu mmoja ukapita hivyo, na mwingine.

Siku nilipoamua haikuwa siku ya maono. Nilikuwa napepeta mahindi uani. Mume wangu alisimama karibu nami kwa muda, kisha akaniuliza, "Mama, unaongea na nani?" Nilikuwa najibu. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Alirudi, alirudi, alirudi," na sikujua kama nasema. Nikaona uso wake, nikajua kwamba nikiendelea hivi sitapona tena. Nikaweka ungo chini, nikamwambia yote.

Alikaa kwenye jiwe pale uani. Mwishowe akasema, "Na mimi nilikuwa ndani ya huo uongo." Halafu akasema, "Nenda kwa mama yake. Mimi siwezi kukuendea."

Nilikwenda Chwele na kitabu nimekifunga ndani ya leso. Mama yule alikuwa nyumbani kwake akichambua maharagwe. Alinisalimia vizuri, akanipa kigoda. Nikamwambia. Sikujitetea. Nilipofika mahali pa kidole changu kwenye ukurasa, mikono yake ilisimama ndani ya maharagwe.

 Nilikuwa tayari anipige, na ningefurahi.

"Umeileta?" akauliza.

"Ndiyo, mayi," nikamwita mama kwa lugha yetu.

"Soma. Vile iko."

Nikasoma. Chumba juu ya duka la mikate. Nguo za watu. Mume mlangoni, salamu, mlango haukufunguliwa. Mkate. Nilisoma mpaka mwisho, na yule mama akasikiliza macho yakiwa nje, kwenye njia ya kuingia nyumbani.

Akasema, "Pengine angerudi tu, hata kama ungesoma hivyo. Alikuwa anampenda huyo mtu. Mimi mama yake nilisema kaa, hakukaa." Akarudisha mikono kwenye maharagwe. "Lakini ungemwachia achague. Hiyo ndiyo ulimnyima."

"Nisamehe, mayi."

"Bado," akasema. "Hiyo sina leo. Lakini mimi sitaki tena kusomewa. Unanisikia? Utakuja hapa siku ya soko, kila siku ya soko, unifundishe mpaka nijisomee mwenyewe."

Nilikwenda. Mwaka mzima na zaidi. Alikuwa mzito wa herufi, na mkali, na kila neno nililomwambia aliuliza, "Una hakika?" Hakuna siku moja ninayoweza kuitaja kwamba ndipo aliponisamehe; niligundua tu kwamba ananiwekea chai. Na Alhamisi moja niliwaita wale akina mama wa kushona, nikawaambia pia. Wengine waliinuka wakaenda, kama nilivyosema. Mmoja hajanisalimia hadi leo, na ana haki. Waliobaki waliniomba niwafundishe. Mume wangu aliwaeleza wazee wa kanisa mwenyewe. Tukahamishwa, ndiyo sababu mnatuona huku Kitale.

Kama mnataka niseme nimepona kabisa, sitasema. Kuna siku bado namsikia. Lakini sasa anaposema "Halafu," namwambia kilichoandikwa, naye ananyamaza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama wa Chwele, aliyeninyima msamaha wa haraka akanipa kazi. Nawashukuru akina mama waliokubali kushika kalamu mbele ya mtu aliyewadanganya. Namshukuru mume wangu, yuko pale nyuma, msimgeukie.

Somo langu ni dogo. Mtu akikuletea karatasi, awe mama, jirani au mfanyakazi wako, msomee ilivyo. Usilainishe, usiongeze, usimwonee huruma kwa kumficha. Maisha ni yake, wewe umekopesha macho tu.

Na tukimaliza maombi, nitaketi pale mlangoni. Kama kuna mama hapa mwenye barua nyumbani, barua ya mwana, ya mume aliye kazini mbali, ya chifu, aliyosomewa na mtu na moyo wake ukakataa, ailete. Hata kama ina habari mbaya. Kama hataki watu wasikie, tutakwenda nje, sisi wawili.