Mama Ndimu na Harufu ya Kazi

Ndugu waombolezaji, dada yetu, ambaye wanafunzi wake wa maabara walimwita Mama Ndimu, alizaliwa tarehe 11 Machi 1964, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi mtaa wa pili kutoka nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1989 akahitimu shahada ya kemia.

Mwaka 1990 aliajiriwa katika maabara ya dawa, kazi yake ikiwa kuunganisha kaboni na naitrojeni zifungane kama pete, kwa kuwa dawa nyingi tunazomeza zina pete za namna hiyo, na kazi hiyo ilifanywa kwa vimiminika vikali vilivyochoma macho na koo, huku feni ya kutolea hewa ikiwa imekufa, na mkuu wa maabara, aliyeketi hapa mbele, akiwaambia wanaokohoa kwamba hiyo ni harufu ya kazi, asiyeitaka akauze maua.

Mwaka 1993 alifunga ndoa na dereva wa lori, shemeji yetu mpole, wakajaliwa mabinti wawili.

Dada alichoka kukohoa, akaanza kusaga malighafi zake kwenye kinu cha kaure, kwa maji na matone ya ndimu tu, na pete zikatokea safi, lakini mkuu, bwana mwenye digrii tatu na pua isiyonusa, alipita mezani kwake akimuuliza kama ameshatia chumvi, na shemeji anapakuliwa chakula saa ngapi, wakubwa wenzake wakacheka mpaka tai zikawakaa upande.

Mapafu yalianza kumsumbua Agosti 2021, na kitandani aliuliza jambo moja tu, kama vijana aliowafundisha maabara bado wanasaga, maana mkuu alikuwa ameamuru kinu kitupwe, na binti yake mdogo, aliyetoka kuwaona, akamjibu kwamba wanasaga, mama, wamekificha chini ya sinki, naye akacheka, akalala, na alfajiri ya tarehe 4 Februari 2022 akatutoka.

Sasa mkuu amejua kinu kilipo, akakichukue, sote tunamtazama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumlisha, wenzake wa maabara waliosaga kwa siri, na mkuu pia, kwa shada la maua kubwa kuliko feni aliyoombwa miaka yote ile.

Pumzika kwa amani, dada, mahali pasipo na harufu ya kazi.