Risala ya Wanafunzi wa Unasihi Kuhusu Mlango Uliofungwa kwa Ufunguo

Mgeni rasmi, wewe uliye Mkuu wa Chuo chetu, walimu wetu, nanyi mliokosa viti mkasimama: karibuni.

UKARIBISHO
Tunakupokea kwa mikono miwili katika chumba chetu, nyuma ya jiko la kantini. Sufuria zikigongana, usishtuke. Ndivyo tunavyosoma.

TULIKOTOKA
Sisi ni wanafunzi wa unasihi. Kila Jumatano tulikuwa tukiketi duara na mwezeshaji wetu, tuliyemwita Shangazi kwa kuwa hamung'unyi maneno. Hakutupa mihadhara. Tulijifunza kwa kusikilizana. "Mtu akilia," alisema, "usimkimbilie na kitambaa. Unamfuta yeye machozi, au unajifuta woga wako?"

MAFANIKIO
Tulipoanza, kila mmoja wetu alikuwa bingwa wa "ningekuwa wewe." Mwenzetu Afande, askari mstaafu, katika zoezi la kwanza alimwamuru aliyeigiza mjane aache huzuni mara moja. Leo Afande husikiliza mpaka mwisho. Mkewe ameuliza nani kambadilishia mume.

CHANGAMOTO
Hapa, mgeni rasmi, utuvumilie, maana sisi tumevumilia vya kutosha.

Kila Jumatano mlango ulifunguliwa. Mfagiaji. Mtafuta chaja. Mzazi aliyetaka kujua ada inalipiwa wapi. Tukabandika tangazo, likabanduliwa. Tukaenda utawala, tukaambiwa, "Si mnaongea tu humo?"

Siku moja Afande, ambaye hakuwa amewahi kutueleza habari zake, alisema, "Mwanangu alizikwa mimi nikiwa lindoni." Hajafunga mdomo, karani akachungulia: "Samahani jamani, naomba viti vitatu, kuna kikao." Afande akainuka, akampa kiti chake, akaondoka. Hakuonekana hadi Shangazi alipompigia simu na kumbembeleza.

Aliporudi, Shangazi alifunga mlango kwa ufunguo. Afande akaanza upya, safari hii akilia. Mlango ukagongwa, ukagongwa tena. Shangazi hakuinuka. Nje tukasikia sauti: "Kwani humu hamna mtu?"

Sauti hiyo, mgeni rasmi, ilikuwa yako. Ulikuwa na wageni, ukitaka kuwaonyesha chumba. Kesho yake Shangazi akasimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu.

Tumeletewa mhadhiri. Anatusomea somo la kusikiliza kuanzia kengele hadi kengele, na hajamruhusu mtu kusema neno.

MAOMBI
Tuliagizwa tuandike maombi mengi ili uchague. Tunalo moja tu: mrudishe Shangazi. Kosa lake ni kumlinda mtu aliyekuwa analia.

Na usidhani tumevunja siri. Ya ndani ya duara hayatoki nje ila mwenyewe akipenda. Mwenyewe amependa: Afande ndiye aliyesimama mbele yako sasa, akikusomea risala hii.

Mungu akupe afya, na siku yako ya kulia ikifika, akupe mtu wa kukaa nawe na mlango usiogongwa.

Ni sisi wanafunzi wako,
Kikundi cha Jumatano.