Huku Anamnywesha kwa Kulia

Ndugu zangu wa ushirika wetu wa uchoraji, mkiona miguu yangu haitulii hapa mbele, niacheni tu, ndivyo nilivyoumbwa. Mimi mnanijua, mwandika mabango wa Kariakoo. Leo nawaambia jinsi filamu ya dakika sita ilivyonifanya nimfokee mama yangu mzazi.

Wakubwa walitaka katuni ya kuwafundisha watu kuchemsha maji, tena iwahi masika, maana Jangwani ikifurika, kuhara kunaingia Magomeni bila hodi. Wenzetu Visiwani wana televisheni. Sisi tuna gari la sinema na shuka jeupe. Nikachora mwanzo na mwisho wa kila tendo. Picha za katikati, maelfu, wakaachiwa watu wa ng'ambo wazichore na kuzipiga filamu. Miezi mitatu tu, walisema.

Mitatu! Barua yao ya kwanza ilikaa njiani wiki tano, kumbe wanauliza: mpini wa sufuria uwe upande gani? Jamani, sufuria ina mpini? Jibu wiki tano, swali jingine wiki tano. Kila asubuhi mimi na posta, posta na mimi. Brashi zikakauka, wateja wakanihama, usingizi sina. Na mama, kila nikirudi: "Mwanangu, imefika?" Siku moja nikamfokea mbele ya majirani: "Usiniulize tena! Wewe unajua nini?" Hakuniuliza tena. Iliniuma, nawaambia kweli, lakini kiburi kikanizuia kumwomba radhi.

Filamu ikaja mawingu yameshatanda. Jioni ya kuionyesha watu wakajaa mbele ya shuka, nami na kipaza sauti changu nieleze. Kwenye picha mwanamke anachemsha maji, anayapoza, anamnywesha mtoto. Mara mtu akapaza sauti: "Heee! Anamnywesha kwa kushoto!" Lo salale! Huko ng'ambo waliigeuza michoro yangu, watu wote wamekuwa mashoto. Hawa wanacheka, wale astaghafirullah, habari ya maji hakuna anayeisikia. Kuirudisha ni mwaka mwingine, na mvua ni kesho. Nikaweka kipaza sauti chini nijiondokee.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya shuka. Mama! Alikuja kimyakimya, akakaa huko nisimwone.

"Nyie mnacheka nini? Huku anamnywesha kwa kulia!"

Nikazunguka mbio. Kweli kabisa! Picha imepenya shuka, na kwa nyuma kushoto kumekuwa kulia. Nikapiga kelele: "Hamieni huku, ndugu zangu, na mikeka yenu!" Wakahama, filamu ikaanzwa upya, na safari hii walisikiliza. Nikakaa chini karibu na mama.

"Mama, nisamehe. Imefika."

"Naiona. Nyamaza nitazame."

Namshukuru dereva wa lile gari, aliyeirudia filamu mpaka mafuta yakamwishia. Nawashukuru nyinyi mlionipa kazi tena. Katuni ya pili tunaichora yote hapa hapa, na bado inachelewa, nisiwadanganye. Ila nimejifunza: anayekuuliza kila siku anangoja pamoja nawe.

Asubuhi hii mama kaniuliza tena. Nikamjibu: "Bado, mama. Keti nikuonyeshe tulipofika."